MS: usingoje shambulio ndipo uhesabu ulemavu

Mtu anayeishi na multipo sklerosisi, au MS kama tulivyozoea kuiita kliniki, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo, huulizwa kila mara na jamaa zake kama ugonjwa umerudi. Swali hilo halitoshi, kwa sababu ulemavu huweza kuongezeka hata katika miezi ambayo hakuna kilichorudi.

Kurudi huko, yaani shambulio, ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizi: jicho kuuma na kuingia ukungu, mguu kukosa nguvu, ganzi kupanda hadi kiunoni. Mimi naishi Mombasa, na joto la Februari linapokolea macho yangu hufifia nikitembea juani, kisha hutulia nikikaa kivulini. Hilo si shambulio, bali neva zilizokwisha kujeruhiwa zimeelemewa na joto. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo huweza kuzidisha dalili za zamani, ndiyo maana nashauri mkojo upimwe kabla ya kukimbilia dripu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa neva. Dripu yenyewe huharakisha nafuu, lakini haipunguzi ulemavu utakaobaki mwishowe, jambo ambalo wagonjwa wengi, na ndugu wanaowachangia fedha, hawaelezwi.

Ulemavu wa polepole ndio unaotuponyoka. Katika kipimo cha ulemavu cha daktari Kurtzke cha mwaka 1983, kinachopanda kutoka 0 hadi 10 kadiri ulemavu unavyozidi, aliye kwenye 4 hutembea takriban mita 500 bila msaada wala kupumzika, na aliye kwenye 6 huhitaji mkongojo kwa mita 100 tu. Mtu anaweza kutoka 4 hadi 6 bila shambulio hata moja la kukumbuka. Kwa hiyo kila mwezi naandika daftarini muda ninaotumia kutoka getini hadi dukani, kama nimeshika ukuta, na kama vifungo vya shati vimenishinda. Daktari wangu alipozisoma kurasa hizo aliagiza picha mpya ya MRI, ingawa mimi mwenyewe nilidhani nimetulia.

Muulize daktari wako pia kuhusu rituksimabu, dawa ambayo hospitali nyingi huijua kwa saratani, na ambayo mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha miongoni mwa dawa muhimu za MS. Kabla ya kuianza, pima homa ya ini aina ya B, kwani dawa hiyo inaweza kuviamsha virusi vyake vilivyolala.