Hemoglobini kuwa sawa hakuondoi upungufu wa B12

Mkuu, umeuliza kama ganzi ya nyayo zote mbili inaweza kuletwa na upungufu wa vitamini B12 ilhali hemoglobini yako (kipimo cha wingi wa damu) iko sawa. Inaweza kabisa. Neva (mishipa ya fahamu) huweza kuharibika kabla damu haijaonyesha lolote, na hapo ndipo wagonjwa wengi hupotezewa muda.

B12 husaidia kutunza mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva. Ikikosekana, ala hiyo huvimba na kumomonyoka, kwanza kwenye njia za nyuma za uti wa mgongo, zinazopeleka ubongoni habari za mtetemo na mkao wa viungo. Ndiyo maana mtu huyumba gizani, au anapofumba macho kunawa uso. Baadaye huguswa njia za pembeni, zinazobeba amri za misuli, na miguu hukakamaa.

Kupima njia hizo za nyuma, daktari akuwekee chuma cha mtetemo (128 Hz) kwenye kidole gumba cha mguu, useme kama unausikia mtetemo. Kisha ufumbe macho, akisogeze kidole juu au chini, nawe useme kimeelekea wapi.

B12 katika damu ikiwa chini ya 200 pg/ml (pikogramu kwa mililita), huo ni upungufu. Ikiwa kati ya 200 na 300 usiridhike. Omba kipimo cha asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda seli zikikosa B12. Pimeni pia kiwango cha madini ya shaba mwilini, maana upungufu wake huleta dalili zilezile.

Usimeze asidi ya foliki (vitamini ya kuongeza damu) peke yake! Damu itanyooka, uti wa mgongo utaendelea kuliwa.

Mweleze daktari pia kama unatumia metformini (dawa ya kisukari) au omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) kwa miaka, umekatwa sehemu ya tumbo, au huli chochote cha mnyama. Gesi ya nitrasi oksidi, ya usingizi au ya starehe, huizima B12 moja kwa moja. Mwenye akiba ndogo ya B12 anaweza kuharibikiwa neva ndani ya wiki chache.

Neva zikishaguswa, tiba ya kawaida ni sindano ya haidroksikobalamini (aina ya B12) maikrogramu 1,000 kwenye msuli, siku moja ndiyo, moja hapana, hadi nafuu isipoongezeka tena. Kisha kila miezi 2. Damu hujibu ndani ya siku chache, neva huchukua miezi, na kuchomachoma kunaweza kuzidi mwanzoni. Usiache sindano kwa sababu hiyo.

Mkojo ukigoma au miguu ikiishiwa nguvu ghafla, nenda hospitali leo: huenda kuna kitu kinachobana uti wa mgongo, na hicho hakitibiwi kwa vitamini.