Maswali ya wasomaji: Ushuru wa mashine za ofisi ukifutwa huko nje, sisi Dodoma tunapata nini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina steshenari ndogo hapa Majengo, natoa kopi, naprinti, naskani, nalamineti, na msimu wa ajira mpya vijana wanapanga foleni mpaka nje. Sasa mashine yangu ya fotokopi imechoka, fundi karibu nimlipe mshahara. Nataka kuvuta nyingine ila jamaa anayeniletea spea ananiambia mama subiri kwanza, huko nje wanafuta ushuru wa antidampingi kwenye mashine za ofisi kwa hiyo bei itashuka sana. Nisubiri? Na huo ushuru wenyewe ni mdudu gani?
Mama wa steshenari, Majengo

JIBU: Dada yangu, usisubiri. Kama hela ipo na mashine nzuri imepatikana, nunua.

Huo ushuru uko hivi. Kampuni inatengeneza mashine, kwao inauza tuseme milioni 1 ya hela yao, halafu ile ile inaipeleka nchi nyingine kwa laki 8, nauli umeshatoa pembeni. Hiyo ndiyo wanaiita dampingi. Viwanda vya nchi ile nyingine vinaona wateja wanahama, vinakimbilia serikalini kulalamika. Serikali inachunguza, je kweli bei ya kupeleka nje ni ndogo kuliko bei ya nyumbani kwao, je kiwanda cha ndani kimeumia, na je kimeumia kwa sababu ya hizo mashine au ni uvivu wake mwenyewe. Majibu yakiwa ndiyo yote, wanaweka ushuru wa ziada, juu ya ushuru wa kawaida, na hauzidi lile pengo. Kwenye mfano wangu pengo ni laki 2 kwa bei ya laki 8, yaani asilimia 25. Kwa hiyo kuuza rahisi peke yake siyo kosa, kungekuwa kosa Kariakoo pasingekuwa na mtu.

Sasa angalia nani anaulipa. Anaulipa anayeingiza mzigo kwenye nchi iliyouweka. Mashine yako inatoka kiwandani Asia, inashukia bandari ya Dar, inapanda lori mpaka Dodoma, forodha ya Ulaya wala ya Marekani haijawahi kuiona hata kwa mbali. Wakiuweka huko wewe hulipi, wakiutoa huko wewe hurudishiwi. Kinachokutafuna wewe ni ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kama aina ya mashine yako inatozwa, VAT ya asilimia 18, bei ya dola siku hiyo, nauli, na faida ya kila mkono uliopitia katikati.

Tena kuna kitu huyo jamaa hajakwambia (au hajui). Nchi kubwa ikifunga mlango kwa ushuru wa namna hiyo, mzigo uliokuwa uende kule unatafuta pa kwenda, na mara nyingi unaangukia kwenye masoko kama yetu kwa bei laini. Mlango ukifunguliwa mzigo unaweza kurudi kule kwenye hela nene. Kwa hiyo kufutwa kwa ushuru wa wenzetu, kama kutakugusa kabisa, kunaweza kukugusa kwa upande ambao hukuutegemea.

Na habari ya fotokopi siyo ya leo. Jumuiya ya Ulaya ya wakati ule iliweka ushuru huo kwa mashine za fotokopi za karatasi za kawaida kutoka Japani Februari 1987, kampuni nyingi zikapigwa asilimia 20, chache zikapata nafuu. Waliolalamika walikuwa watengenezaji wa Ulaya, wakina Rank Xerox, Océ na Olivetti. Hapo ndipo napenda sana hii kesi, maana Rank Xerox huyo huyo alikuwa na nusu ya Fuji Xerox ya Japani, yaani mlalamikaji ana undugu na washtakiwa, na Olivetti naye alikuwa anauza mashine za Kijapani zenye jina lake. Ukisikia "tunalinda viwanda vyetu" uliza kwanza viwanda vya nani.

Wajapani wakafanya nini? Wakahamishia kazi ndani ya Ulaya. Ricoh wakawa na kiwanda Telford Uingereza na kingine Colmar Ufaransa, Canon wakawa Liffré kule Bretagne. Ulaya wakaona ujanja, mwaka huo huo wa 1987 wakatunga kanuni ya kutoza ushuru hadi mashine zinazounganishwa humo ndani kwa vipuri vya Japani, Japani akaenda kushtaki GATT (mkataba wa biashara wa mataifa wa wakati ule), na 1990 akashinda. Ushuru wenyewe ukapitiwa tena 1995, ukarefushwa lakini kwa muda mfupi, halafu ukafa. Na siku unakufa hakuna mnunuzi wa Paris aliyeruka kwa furaha, kwa sababu mashine zilikuwa zinatengenezwa pale pale jirani na teknolojia ilishaanza kuhamia kwenye zile za dijitali zinazoprinti na kuskani humo humo. Hicho ndicho ninachokiona karibu kila mara na huu ushuru, ukishafikia kufutwa ujue wenye biashara walishauzunguka zamani.

Kwa hiyo ukienda kununua achana na mambo ya ushuru, uliza mita inasoma kopi ngapi, uliza dramu (silinda inayochora picha) na fyuza (inayogandisha wino kwenye karatasi) vilibadilishwa lini, uliza tona yake, ule unga wa wino, inapatikana hapa Dodoma au mpaka uagize Dar. Na wasikudanganye kwamba kwa kuwa siku hizi kuna treni ya umeme basi kila kitu kinafika jioni, mashine ya kilo mia na kitu bado inaweza kuja na lori.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, nilikuwa karani mpiga chapa serikalini, sasa niko Kondoa nalima alizeti. Taipureta niliyopewa siku ya kuagwa bado ipo, naifuta vumbi kila Jumamosi, wajukuu wanacheka. Nimesikia mnazungumzia ushuru wa mashine za ofisi, nikakumbuka wakubwa wetu walikuwa wakisema taipureta nazo ziliwahi kugombaniwa na mataifa. Ni kweli au walikuwa wanatupumbaza?
Mzee mpiga chapa, Kondoa

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ni kweli tupu, na ni ugomvi uliochekesha kuliko hata ule wa fotokopi.

Marekani walikuwa na kampuni inaitwa Smith Corona, kiwanda chao Cortland, jimbo la New York. Taipureta ndogo za umeme kutoka Japani, hasa za Brother, zikawa zinawabana sana, wakalalamika, na mwaka 1980 Marekani ikaweka ushuru wa antidampingi kwa taipureta hizo za Japani. Ulaya nao 1985 wakaweka kwa taipureta za elektroniki za Japani. Sasa sikiliza. Brother akaenda kujenga kiwanda Marekani kwenyewe, mji unaitwa Bartlett, jimbo la Tennessee, akaajiri Wamarekani. Smith Corona wakati huo huo akawa anatengeneza sehemu ya mashine zake Singapore na kuzirudisha kuuza nyumbani. 1991 Brother, Mjapani, akaenda kwa serikali ya Marekani kulalamika kwamba kiwanda chake cha Tennessee kinaumizwa na taipureta za bei ya kutupa kutoka Singapore, za Smith Corona, Mmarekani! Mzee wangu hapo hata hakimu wa baraza la kata angeomba maji ya kunywa.

Wakavutana mahakamani juu ya swali kwamba kiwanda cha nyumbani ni kipi, kile chenye bendera au kile chenye wafanyakazi. Wakati wanavutana watu walikuwa wanaenda dukani kununua kompyuta. 1992 Smith Corona wakatangaza kazi ya Cortland inahamia Mexico, 1995 wakaomba ulinzi wa mufilisi. Ushuru haukuwaokoa, maana aliyewaua hakutoka Japani, alitoka meza ya pili pale pale ofisini.

Taipureta yako usiiuze kwa wapima chuma chakavu mzee. Wapo vijana wanazitafuta kwa mapambo ya maofisi, wanalipa vizuri kuliko kilo.

SWALI: Mambo vipi bro. Niko UDOM nasoma uchumi. Lekchara amesema ushuru huu una miaka 5 tu halafu unakufa. Mwenzangu anabisha anasema kuna ushuru umekaa miaka 20 na zaidi. Nani yuko sahihi? Na je sisi Tanzania tunaweza kuuweka?
Mbishi wa bweni, UDOM

JIBU: Poa. Wote mko sahihi, acheni kununiana.

Mkataba wa antidampingi wa WTO (Shirika la Biashara Duniani), kifungu cha 11.3, unasema ushuru uondoke ndani ya miaka 5 tangu uwekwe, isipokuwa ufanyike uchunguzi mpya kabla ya hapo ukaonyesha kwamba ukitolewa dampingi na maumivu yanaweza kuendelea au kurudi. Ukithibitishwa unapata miaka 5 mingine, na mingine, na mingine. Halafu wakati uchunguzi unaendelea ushuru unabaki, kwa hiyo usishangae ule wa miaka 20. Zamani Marekani hata hiyo saa ya miaka 5 hawakuwa nayo, waliianza baada ya mkataba wa WTO, na mapitio yakaanza 1998 kwa kufukua maamuzi ya zamani kweli kweli.

Kinachofurahisha ni namna unavyokufa. Kwa utaratibu wa Marekani serikali inatangaza kwamba miaka 5 inafika, wazalishaji wa ndani wanaotaka ubaki wajitokeze. Asipojitokeza mtu, ushuru unafutwa, hakuna kesi ndefu hapo. Kwenye mashine za ofisi unaelewa kwa nini wanaweza wasijitokeze, kiwanda kilichougombania kinaweza kuwa kimefungwa, kimehama au kimeanza kuagiza chenyewe kutoka nje. Njia nyingine ni muingizaji kuomba mapitio katikati akionyesha mambo yamebadilika. Kuna na vizingiti vya tangu mwanzo, pengo likiwa chini ya asilimia 2 kesi inatupwa, na kwa kawaida mzigo wa nchi moja ukiwa chini ya asilimia 3 ya yote yanayoingia nao unaachwa, ingawa nchi kadhaa ndogo ndogo zikijumlishwa zinaweza kubanwa pamoja.

Sisi tunaruhusiwa. Tanzania ni mwanachama wa WTO tangu 1995, na Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki iliyoanza kazi Januari 2005 ina vifungu vya antidampingi na kamati yake. Ila mlalamikaji lazima awe mzalishaji, tena waunga mkono wawe na angalau asilimia 25 ya uzalishaji wa ndani. Kwa mashine za fotokopi nani atalalamika hapa? Fundi wa Sabasaba anayefufua za mtumba hahesabiki kama kiwanda, japo mimi ningempa heshima hiyo. Na tungeuweka tu, wa kwanza kulia angekuwa yule mama wa Majengo hapo juu pamoja na wewe unayetoa kopi za noti usiku wa mtihani.

SWALI: Kaka, tona zimejaa mtaani za bei ya kutupa, boksi linang'aa lakini kopi inatoka na mistari. Hiyo si ndo dampingi yenyewe?
Msomaji, Singida

JIBU: Hapana ndugu yangu, hiyo ni feki. Dampingi ni mzalishaji halali anauza mali yake mwenyewe kwa bei ndogo kuliko ya kwao, mali inaweza kuwa safi kabisa. Boksi lenye jina la kampuni ambayo haikulitengeneza ni bidhaa bandia, hilo peleka Tume ya Ushindani, FCC, ukiwa na risiti na boksi lenyewe. Kama ni iliyojazwa upya na muuzaji amekwambia wazi imejazwa upya basi hapo mmekubaliana wenyewe, ila safisha dramu mapema kabla haijakwaruzika.