Musawo Ajibu: Kikohozi Kinachofika Mulago Kimechelewa

Mwezi uliopita niliandika juu ya jirani yangu aliyefariki kwa saratani ya mapafu, wiki 5 tu baada ya kuambiwa anaumwa nini. Tangu hapo barua zenu hazijakoma. Nimechagua sita. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika wodi za kifua, kwa hiyo ninajibu kama muuguzi, ingawa mnaniita Musawo, neno la Kiganda kwa mtu wa tiba. Anayehitaji daktari nitamwambia aende kwa daktari.

Musawo, nimesoma kwamba kule Marekani jimbo la Kentucky lina watu wengi wanaogunduliwa kansa ya mapafu ikiwa imeshaenea mwilini, na Utah lina wachache. Hapa Uganda ni upande upi unaoongoza? Sisi wa West Nile tuna hofu kwa sababu ya tumbaku. — Mwalimu, Arua

Mwalimu, hapo kuna maswali mawili, na mara nyingi huchanganywa. La kwanza: katika kila watu laki moja wa mahali fulani, ni wangapi kwa mwaka wanaokutwa na saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea? La pili: katika kila wagonjwa 100 wa saratani hiyo, ni wangapi waliokutwa wamechelewa?

Chukua vijiji viwili vya watu elfu moja moja. Cha kwanza kina wagonjwa 20, na 10 kati yao wamechelewa. Cha pili kina wagonjwa 4, na wote 4 wamechelewa. Ukihesabu kwa wakazi, kijiji cha kwanza ndicho chenye hali mbaya. Ukihesabu kwa wagonjwa, cha pili ndicho kibaya zaidi, maana huko hakuna aliyewahiwa hata mmoja.

Kentucky ni kama kijiji cha kwanza. Tumbaku imekuwa zao lao kwa vizazi, uvutaji ni mwingi, na upande wa mashariki, kwenye milima ya Appalachia, kuna umaskini na historia ndefu ya migodi ya makaa ya mawe. Wanaougua ni wengi, basi hata waliochelewa wanakuwa wengi. Lakini Kentucky hiyo hiyo imo miongoni mwa majimbo yanayojitahidi zaidi kuwapima wavutaji mapema. Utah ni habari nyingine: wakazi wengi ni Wamormoni, na dini yao inakataza tumbaku.

Sisi ni kijiji cha pili. Saratani ya mapafu haimo miongoni mwa zile zinazoongoza Uganda. Ya mlango wa kizazi, tezi dume, matiti na Kaposi, ile ya madoa ya ngozi, zimeitangulia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku ni asilimia 7.9, kiwango kidogo ukilinganisha na nchi nyingi. Hata hivyo, wagonjwa wa mapafu wanaopokewa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, Kampala, walio wengi sana wako hatua ya 3 au ya 4, yaani zile za mwisho.

Sasa, upande upi? Rejista ya saratani ya Kampala ni moja ya zile kongwe Afrika, ilianza miaka ya 1950. Inawahesabu wakazi wa Kyadondo, yaani Kampala na sehemu ya Wakiso. Mgonjwa wa Arua akitibiwa Mulago, hahesabiwi kama mkazi wa huko. Gulu nayo ina rejista yake. Lakini mzee wa Kaabong, kule Karamoja, akikohoa mwaka mzima kisha akazikwa, nani ameandika? Ukichora ramani ya nchi kwa tarakimu zilizopo, Kampala itajaa wino na Karamoja itabaki karatasi tupu, na mtu asiyejua atadhani Wakaramoja wana mapafu ya chuma. Ndiyo maana sikutajii mkoa unaoongoza. Ningekutajia mahali penye kalamu.

Ninachoweza kukueleza ni njia ambayo kikohozi hupita, kwa sababu nimeiona mara nyingi. Mtu anaanza na dawa ya dukani. Kisha kituo cha afya cha daraja la 2, ambako hakuna picha ya kifua, anapewa antibayotiki. Wiki mbili baadaye anarudi, anapewa nyingine. Anapelekwa daraja la 4 au hospitali ya wilaya. Mashine ya eksirei ipo, lakini filamu hakuna, au mwenye kuiendesha yuko semina. Makohozi yanapimwa TB. Ndipo itoke barua ya rufaa, na familia ianze kuuza mbuzi. Kutoka kwako Arua hadi Mulago ni karibu kilomita 500, basi la usiku, kuvuka Karuma, na mwenye kumsindikiza mgonjwa hana pa kulala. Mtu wa Kawempe, humo humo Kampala, aliyeanza kukohoa siku ile ile alipanda bodaboda. Taasisi imeanza kusogeza huduma Mbarara na Gulu, na hospitali kadhaa za rufaa za mikoa zimepata mashine za CT, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa kina, miaka hii ya karibuni. Hilo ni jambo kubwa sana kwa watu wa mbali, na ninaomba zisikae zimefunikwa kwa shuka.

Kuhusu hofu yenu: hatari ya mapafu hufuata anayevuta na anayekaa ndani ya moshi wake. Kulima tumbaku kuna madhara mengine, hasa sumu ya nikotini inayopita kwenye ngozi mtu anapovuna majani yakiwa yamelowa, na moshi wa mabanda ya kukaushia. Lakini mkulima asiyevuta hayuko katika hatari ya mvutaji.

Baba ana miaka 61. Alimaliza miezi 6 ya dawa za TB ingawa makohozi yalipopimwa kwenye mashine hayakuonyesha kitu. Sasa wamemwanzishia tena. Amekonda, na wiki ya tano hii sauti imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Tuendelee kungoja? — Binti, Lira

Mwanangu, usingoje. Kesho mpeleke hospitali ya rufaa.

Nakueleza kwa nini. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti upande wa kushoto hauendi moja kwa moja kooni. Hushuka kwanza kifuani, ukazunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, kisha ukapanda tena. Uvimbe ulioko kwenye pafu la kushoto au kwenye tezi za kifua unaweza kuubana pale, na sauti ikaharibika huku koo lenyewe likiwa zima. Si kila sauti ya kukwaruza ni saratani. Lakini sauti ya wiki 5, kukonda, na TB ambayo haikuthibitishwa, kwa mtu wa umri wake, ni lazima kifua kipigwe picha wiki hii.

Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kwa hiyo mhudumu anapoona kikohozi, homa za usiku na kukonda, akili yake inakwenda TB, na mara nyingi yuko sahihi. Shida inaanza pale dawa zinapotolewa bila uthibitisho, mgonjwa hapati nafuu, na hakuna anayesimama kuuliza tena. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Wakati ule dawa za TB zilikuwa za miezi 8, nasi tulimpa mzee mmoja dozi nzima, tukamhimiza, tukamsifu kwa kutokosa hata siku moja. Picha ilipopigwa mwishoni, uvimbe ulikuwa umejaa nusu ya pafu. Jina lake silitaji, ila ninamkumbuka kila ninapoona kadi ya TB isiyo na matokeo ya maabara.

Basi fanya hivi. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wenu. Beba kadi zote na picha yoyote ya zamani, hata iliyokunjamana, kwa sababu daktari akiweka ya zamani na mpya pamoja ataona kama doa limekua. Uliza kwa heshima, lakini uliza: "Je, anaweza kupigwa CT? Kama kuna maji kifuani, yanaweza kuvutwa yakapimwe seli? Kinyama kinaweza kukatwa?" Bila kinyama au maji hayo kuangaliwa kwenye hadubini, hakuna awezaye kusema kwa hakika ni saratani wala ni aina gani, na matibabu hutegemea aina. Pia fahamu kwamba TB na saratani vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja. Wakikuta kimoja, waulize na juu ya cha pili.

Niandikie wakishampiga picha.

Sijawahi kuvuta sigara maishani. Lakini nimepika kwa kuni miaka 30, na huku kwetu baridi hutufanya tufunge mlango. Niko salama? — Mama wa watoto watano, Kisoro

Uko katika hatari ndogo kuliko mvutaji, dada yangu, lakini moshi ule haukuachi hivi hivi. Wataalamu wa kimataifa wa saratani wanauweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ngazi moja chini ya vile ambavyo havina shaka tena kama sigara, asbesto na moshi wa dizeli. Hewa chafu ya nje nayo iliwekwa katika kundi lisilo na shaka mwaka 2013, na hapo watu wa Kampala wasikucheke, maana vipimo vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere vinaonyesha hewa yao ina vumbi laini kupita sana kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni kwamba ukikohoa, hakuna atakayefikiria saratani, kwa kuwa huvuti. Wanawake wengi huchelewa kwa sababu hiyo hiyo. Toboa tundu la moshi juu ya meko, kausha kuni vizuri kabla ya kuwasha, na sigiri ya makaa usilale nayo chumbani hata usiku mmoja, kwa kuwa hewa yake inaua kabla ya asubuhi. Na kikohozi kikizidi wiki 3, au ukitema damu hata kidogo, nenda ukamwambie mhudumu kwa mdomo wako: nimepika kwenye moshi miaka 30.

Kwa nini serikali isitupime sote mapafu kila mwaka kama Wazungu? — Askari mstaafu, Jinja

Afande, hata wao hawapimi wote. Marekani tangu 2021 inashauri CT ya mionzi kidogo kila mwaka kwa watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, ambao bado wanavuta au waliacha ndani ya miaka 15. Msingi wake ni utafiti mkubwa uliotolewa 2011, ulioonyesha vifo vya saratani ya mapafu vikipungua kwa asilimia 20 ukilinganisha na kupimwa kwa eksirei. Uingereza ilifanya jambo ninalolipenda: mjini Manchester, mwaka 2016, walipeleka mashine ndani ya gari kubwa hadi kwenye maegesho ya maduka, katika mitaa ya watu maskini, na wengi waliokutwa na saratani walikuwa bado katika hatua za mwanzo.

Kwetu, makovu ya TB yamejaa vifuani. CT ingeonyesha madoa kwa watu wengi wazima, na kila doa lingedai safari na kinyama. Mimi ningeanza na picha ya kifua kwa kila kikohozi cha wiki 3 kisicho na TB, kila wilaya, bila malipo, na jibu lipatikane siku hiyo hiyo.

Nilivuta miaka 25, nimeacha miwili. Kuna faida, au nimeshaharibika? — Dereva wa lori, Malaba

Ipo, ndugu. Baada ya miaka 10 hivi bila sigara, hatari yako ya kufa kwa saratani ya mapafu inakuwa karibu nusu ya ile ya mwenzako anayeendelea. Na utingo wako asivutie kwenye kebini. Sheria ya 2015 ya kudhibiti tumbaku inakulinda, mkumbushe.

Mama yetu ameambiwa ni hatua ya 4, imefika kwenye mifupa. Tumerudi naye nyumbani. Usiku analia kwa maumivu na sisi tunakaa tu tukimtazama. Panadol haifanyi kitu. — Mtoto wa kwanza, Bweyale

Pole sana, wewe na wadogo zako. Msikae mkimtazama, kwa sababu dawa ipo, na Uganda iliitangulia Afrika katika jambo hili.

Inaitwa mofini ya maji. Ni ya kunywa, haihitaji sindano, na kwa utaratibu wa nchi mgonjwa haiuziwi. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo iliyoizoesha nchi hii, na tangu 2004 sheria inaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma hiyo kuiandika, ili mgonjwa asisubiri daktari. Kati ya matawi yao, la karibu nanyi ni la Hoima. Atangulie mmoja wenu akiwa na barua ya hospitali, mama abaki apumzike.

Watu watawaambia mofini ni ya kumaliza mtu, au kwamba atakuwa teja. Ikitolewa kwa kipimo cha maumivu yake, haimuui, na humpunguzia hata ile hali ya kukosa pumzi. Hunywewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo msiondoke bila dawa ya kulainisha choo, waombeni siku hiyo hiyo. Siku za mwanzo atasinzia. Mwacheni alale, huenda ana wiki nyingi hajalala. Na kama mfupa mmoja unamuuma kuliko yote, waulizeni juu ya mionzi. Hata katika hatua ya 4, mionzi ya siku moja inaweza kutuliza mfupa huo. Lakini miguu ikianza kufa ganzi au akishindwa kuzuia mkojo, msingoje hata kupambazuke, mpelekeni hospitali usiku huo huo.