Olspaisi si bizari ya pilau

Keki yangu ya Idi mwaka ule ilinukia pilau. Kitinda mimba wangu alimega kipande, akatafuna, akauliza nyama iko wapi. Maelekezo yalitaka olspaisi, nami nikaenda kuitafuta Ngamiani, hapa Tanga. Muuza viungo akafikiri kidogo: "Si viungo vyote hivyo, mama? Chukua hii." Akanipimia bizari ya pilau ya kusaga.

Simlaumu, jina lenyewe linapotosha: kwa Kiingereza ni allspice, yaani "viungo vyote". Olspaisi ni tunda la mti mmoja tu, wenye asili ya Jamaika, kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati. Huchumwa likiwa bichi, likaanikwa mpaka liwe la kahawia. Wahispania waliona limefanana na pilipili manga, wakaliita pimienta. Wajamaika wanaliita pimento hadi leo. Waingereza walilinusa wakasikia mdalasini, karafuu na kungumanga kwa pamoja, basi wakaja na jina hilo lililoniponza.

Mti huo ni jamaa ya mkarafuu, na mafuta yanayoipa karafuu ukali wake yamo humo pia. Mimi sikujua. Shemeji aliponiletea punje zenyewe kutoka Uingereza, nilizitia kwenye pilau juu ya karafuu zangu za kila siku. Midomo ilitufa ganzi! Ukiitumia, karafuu ziache kando.

Nunua nzima, usage unapopika. Punje ni kubwa kuliko pilipili manga, na ukiitikisa karibu na sikio utasikia mbegu zikicheza ndani.

Lakini utamu wake nimeuona kwenye samaki. Wajamaika humkaanga, kisha humwagia siki iliyochemshwa na vitunguu, karoti, pilipili kali na punje za olspaisi. Mimi hutumia samaki aina ya changu, punje sita kwa kikombe cha siki na pilipili mbuzi moja, nikamwacha alale humo. Asubuhi unamla kwa boflo. Kuku wao wa kuchoma naye hupakwa olspaisi, tena kuni zinatoka kwenye mti huohuo. Sisi wa mkaa wa gunia tutosheke na punje.

Ukiikosa, kwa kijiko kimoja cha chai changanya nusu kijiko cha mdalasini, robo ya karafuu na robo ya kungumanga, zote za unga. Keki ya Idi iliyofuata niliipika hivyo. Hakuna aliyeulizia nyama.