Barua kwa mwanangu: Manowari itakungoja, anza na mashua

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila kusi limeanza na mchanga unaingia hadi jikoni. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza mambo matatu: ununue boksi lipi la kuundia modeli ya meli ya mbao, ujiandae kwa vifaa gani, na kwa nini meli yangu ya kwanza imekaa juu ya kabati ikiwa imefunikwa kanga ya mama yako. Jibu la swali la tatu limebeba majibu ya yale mawili, kwa hiyo nitaanzia huko, ingawa si hadithi ninayoipenda.

Boksi lile nililetewa na mteja mmoja niliyemchongea mlango. Ndani mlikuwa na merikebu ya milingoti mitatu: mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, yaliyokatwa kwa leza, mamia ya fito nyembamba, kapi ndogo kama punje za mtama, nyuzi, na ramani za kukunjua. Mimi niliyeshika tezo katika pwani hii tangu ujana nilijiona sina la kufundishwa na karatasi. Nikayagundisha mataruma, na kesho yake nikaanza kubandika fito upande wa kulia peke yake hadi nikaumaliza. Nilipogeukia wa kushoto, mkuku ulikuwa umekwisha kupinda mfano wa ndizi, kwa sababu fito zilizoloweshwa huvuta zinapokauka, na upande wa pili haukuwa na cha kuuzuia mvuto huo. Tena ubavu wenyewe ulijaa mabonde na vilima kama mbavu za punda mwenye njaa.

Mabonde hayo ndiyo yaliyoniuma zaidi, kwa kuwa yalitokana na ufundi niliokuwa nikijivunia. Umewaona mafundi wakiunda jahazi ufukweni: hulaza mkuku, husimamisha hanamu na fashini, yaani nguzo za mbele na nyuma, hupandisha mbao za chini kwa kukadiria kwa jicho, kisha hutafuta matawi yaliyopinda yenyewe, wakayachonga yawe mataruma ya kufuata umbo ambalo mbao zimekwisha kulitoa. Hapo ubao ndio unaoamua. Katika boksi mambo yamegeuzwa: mataruma yamekatwa kiwandani, na ufito hauna hiari ila kuyafuata. Taruma likizidi milimita moja, utapata kilima. Likipungua, utapata bonde, na vanishi haitalificha.

Kwa hiyo kazi itakayoamua sura ya chombo chako ni ya kusawazisha mataruma kwa msasa kabla hujagusa ufito hata mmoja. Leza hukata kingo zikiwa za mraba, lakini kuelekea omo na tezi, yaani mbele na nyuma, chombo hujifinya, hivyo kingo za huko lazima zisuguliwe zikae mshazari, ili ufito ulalie uso mzima wa taruma badala ya ncha yake. Chukua ufito mmoja, ulaze juu ya mataruma manne au matano, kisha utazame penye mwanga. Palipo na upenyo, gundisha kibanzi, usugue tena. Mimi siku hizi huitolea kazi hii jioni tatu au nne. Ondoa pia weusi ulioachwa na leza mahali pa kuunganishia, maana gundi haishiki vizuri juu ya mkaa.

Jambo la pili ni upana wa fito, ambao wengi hawauhesabu. Kwa ukanda wa karatasi, pima mzingo wa ubavu kwenye taruma la katikati, kuanzia sitaha hadi mkukuni. Tuseme ni milimita 100, na fito zako zina upana wa milimita 5: utahitaji fito 20. Sasa pima karibu na omo; ukikuta milimita 60, fito zilezile 20 zitapata milimita 3 kila moja, kwa hiyo kila ufito uupunguze taratibu kuelekea mbele hadi ufike kipimo hicho. Usiupunguze chini ya nusu ya upana wake, maana hautashika. Ikifika hapo, afadhali fito mbili ziungane kuwa moja. Asiyepunguza hulazimika kuupinda ufito kwa upande wa ukingo wake, na huko mbao haipindi, huvunjika au hufumuka. Uloweke katika maji ya uvuguvugu kwa robo saa au nusu saa, uubane mahali pake kwa vibanio vya nguo, uuache ukauke, ndipo utie gundi. Ukimaliza mmoja wa kulia, weka mmoja wa kushoto, na uendelee hivyo hadi mwisho.

Sasa boksi lenyewe. Najua macho yako yako kwenye Victory, manowari ya Waingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo mpaka leo imehifadhiwa Portsmouth. Ni chombo kizuri. Lakini kilikuwa na mizinga 104, na hata kikipunguzwa kwa kipimo cha 1:72, yaani mara 72, sitaha yake ya mizinga hukaribia sentimita 79, bila kuhesabu mlingoti wa mbele unaochomoza wala msitu wa kamba unaomaliza miaka ya mtu mwenye kazi na watoto. Tafuta kitu kidogo. Kampuni ya Model Shipways ya Marekani ina maboksi matatu ya kujifunzia, na la kwanza ni la mashua aina ya dory kwa kipimo cha 1:24. Ni mashua ya chini bapa, ambayo wavuvi wa chewa wa Atlantiki waliipakia melini ikiwa imepakatana na wenzake kama mabakuli. Mbao zake ni chache na zimekwisha kukatwa, haina mizinga, na mikono yako itajifunza kupinda na kubana bila kufa moyo. Ukiimaliza, ndipo uchukue chombo cha mlingoti mmoja chenye fito za kujipimia mwenyewe. Kabla ya kuagiza, uliza ushuru na gharama ya usafirishaji, kwa sababu vinaweza kukaribia bei ya boksi.

Vifaa havikufilisi. Nunua kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, kibano, tupa ndogo, keekee ya mkono yenye ncha nyembamba, misasa mikali na laini, na vibanio vya nguo dazeni mbili. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao. Supaglu ni ya dharura tu, kwani huacha doa lisilopokea vanishi. Chupa ya gundi niliyouziwa dukani safari ile ilikuwa imezeeka na ikagandamana kwa vidonge, kwa hiyo ifungue uitazame kabla hujalipa. Na kwa kuwa Dodoma kuna ukavu, usiuache mkuku juani, wala dirishani.

Ile ya juu ya kabati nitakushushia ukija. Upande wa kushoto sikuubandika fito, umebaki wazi hadi leo, na utayaona mataruma yote yalivyo na ncha ambazo sikuzisugua. Boksi lako uje nalo bila kulifungua, tulifungulie hapa barazani.

Mama yako anakusalimu sana na anauliza utakuja lini.

Baba yako