Maswali yenu kuhusu Langtang: wiki moja kwenye bonde la Himalaya

Tangu niliposimulia safari yangu ya Langtang, lile bonde la Nepal lililoko kaskazini mwa Kathmandu karibu kabisa na mpaka wa Tibet, maswali yamekuja mengi na mengine yanafanana, kwa hiyo nimechukua haya saba niyajibu moja moja.

Kaka habari za kazi. Mimi na mwenzangu tuna likizo ya siku 11 tu mwezi wa kumi, tunataka kuiona Himalaya na kila mtu anatuambia Everest Base Camp. Tutawahi? (Dar es Salaam)

Nzuri kabisa, poleni na majukumu. Kwa siku 11 nawaambieni msiende Everest. Kupanda na kushuka toka Lukla, kijiji cha kuanzia kutembea, peke yake ni kama siku 12, na Lukla yenyewe mnaenda na kindege kidogo ambacho ukungu ukishuka hakiruki, watu wanalala Kathmandu siku mbili tatu wakisubiri, likizo inaishia hapo. Langtang hakuna mambo ya ndege, mnapanda basi au jipu Kathmandu asubuhi, jioni mko Syabrubesi ambako ndo mnaanza kutembea, kama saa saba au nane hivi za barabara mbovu yenye kona, mwenye kichefuchefu akae mbele.

Hesabu yangu ni usiku saba. Wa kwanza Syabrubesi, wa pili Lama Hotel (hilo ni jina la mahali, sio hoteli moja, ni nyumba kadhaa za wageni msituni kando ya mto), wa tatu kijiji cha Langtang, wa nne na wa tano Kyanjin Gompa, alafu mnageuza, wa sita Lama Hotel tena na wa saba Syabrubesi, kesho yake gari la Kathmandu. Siku zilizobaki ndo za ndege ya kutoka na kurudi nyumbani na kupumua. Ule usiku wa pili pale Kyanjin watu wanapenda kuukata ili wabaki na siku ya kuzurura mjini, naomba sana msiukate, bonde lenyewe liko pale, huko chini kote mlikuwa mnapita tu.

Na kwa sababu ni Oktoba, angalieni tarehe za Dashain, sikukuu yao kubwa kuliko zote, watu wote wanarudi kwao na mabasi yanajaa kama ya Moshi mwezi wa kumi na mbili. Kateni tiketi mapema.

Mambo vipi. Mimi nimeshafika Uhuru Peak bila shida, nikasoma kwamba Langtang hata mita 5,000 hufiki. Nahitaji kweli kuogopa mwinuko? (Arusha)

Poa ndugu yangu, na hongera kwa Uhuru. Swali lako ndo nililotaka kulijibu kwa kirefu kuliko yote.

Chukua namba unazozijua. Kwenye kambi za Kilimanjaro njia ya Marangu, Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kyanjin Gompa, pale utakapolala siku mbili, ni kama 3,870, yaani juu kidogo ya Horombo. Kilima cha pale kijijini, Kyanjin Ri, ni kama 4,770, hiyo ni Kibo. Na Tserko Ri, ambacho wenye nguvu wanakipanda wakitokea hapohapo, ni 4,984, kwa ndugu zetu wa Kenya hapo ni Point Lenana kasoro mita moja. Kwa hiyo usione ni kitu kidogo, ni Marangu bila ule usiku wa kilele.

Alafu kufika mwaka juzi hakukupi kinga mwaka huu. Mwili hauweki akiba ya mwinuko, wiki chache tu ukikaa chini inaisha, na nimeshaona mtu aliyepanda mlima mara tatu akakwama ya nne. Siku ngumu ya Langtang ni ya Lama Hotel kwenda kijijini, unatoka mita 2,480 hivi unalala 3,430, karibu mita 950 kwa siku moja wakati ushauri wa madaktari ukishapita 3,000 ni kupandisha mahali pa kulala mita 300 mpaka 500 tu. Kichwa kikianza kukugonga pale Langtang jioni, usijikaze, lala usiku mwingine palepale, hata kama ni kuipoteza Kyanjin Ri. Siku inayofuata ni fupi, saa tatu nne tu za kutembea taratibu.

Kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, hizo ni za mwanzo, unasimama hapohapo hupandi. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi (mwambie atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya kidole), au akahema wakati amekaa tu, au kikohozi chenye povu, huyo anashushwa sasa hivi hata kama ni saa nane usiku, sio kesho asubuhi. Diamox, dawa ya mwinuko, inasaidia, ila muone daktari kwanza, hasa kama una aleji ya dawa za salfa.

Kuna kitu kilinifurahisha mno. Waongozaji wa Nepal siku nzima wanakwambia "bistari, bistari", nikamuuliza wangu maana yake nini, akapunguza mwendo akanionesha kwa miguu. Ni pole pole yetu ileile, neno kwa neno.

Shikamoo. Dada yangu mkubwa anauliza kupitia mimi: viza ikoje, na je mwanamke anaweza kwenda peke yake bila mwongozaji? Na hela kiasi gani? (Mombasa)

Mpe salamu zangu nyingi dada. Kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania viza inachukuliwa palepale uwanja wa ndege Kathmandu, siku 15 dola 30, siku 30 dola 50, abebe dola taslimu na athibitishe na idara yao ya uhamiaji kabla ya kukata tiketi maana orodha hizi hubadilika. Kadi ya homa ya manjano asiiache nyumbani, hasa kama atapitia India.

Kuhusu mwongozaji, tangu tarehe 1 Aprili 2023 serikali ya Nepal ilitangaza kwamba mgeni asitembee bila mwongozaji mwenye leseni kwenye njia hizi, kwa hiyo amwekee bajeti, dola 25 mpaka 40 kwa siku. Mwanamke anaenda vizuri tu, nimekutana na wengi, na waongozaji wanawake wapo, aombe mapema. Kiingilio cha hifadhi ya Langtang ni rupia 3,000 za Nepal, na kile kibali cha watembeaji wanachokiita TIMS rupia 2,000. Hela yote ya bondeni atoe Kathmandu, taslimu, noti ndogo ndogo, huko juu sio pa kutafutia ATM. Kuchaji simu, kuoga maji moto, intaneti, vyote vinalipiwa na kadiri unavyopanda bei inapanda, na ni haki yao maana gesi na mchele vinapanda kwa mgongo wa nyumbu au wa mtu.

Kwenye hilo la mgongo wa mtu, akichukua mpagazi amuangalie. Sisi wenye Kilimanjaro tunajua wapagazi wanavyobebeshwa. Zisizidi kilo 20, amuulize kama ana viatu na koti la baridi kabla hawajatoka Syabrubesi, na tipu ampe mkononi mwenyewe.

Mwezi gani mzuri? (Kigali)

Oktoba na Novemba anga liko safi kabisa. Machi mpaka mwanzo wa Mei kuna mawingu kiasi ila msitu umejaa laliguras, yale maua mekundu ambayo ndo ua la taifa lao, miti mizima imewaka. Juni mpaka katikati ya Septemba acha, mvua, ruba miguuni, na barabara ya Syabrubesi inakatwa na maporomoko. Mwezi wowote utakaoenda, vilima panda alfajiri, ikifika mchana wingu linafunga na upepo unapiga.

Assalaam aleikum. Mimi na familia tunakula halali tu. Tutakula nini siku zote hizo? (Zanzibar)

Waaleikum salaam warahmatullah. Hapa msiwe na wasiwasi hata kidogo. Chakula cha bonde zima ni dal bhat, wali na dengu, mboga ya majani, viazi vya mchuzi na achari pembeni, na ukimaliza sahani mwenye nyumba anakuja na sufuria anakuongezea wali na dengu bila kulipa tena, mpaka ukatae mwenyewe. Nyama ziacheni kabisa kwa sababu mbili, ya kwanza ni hiyo ya halali, ya pili ni kwamba kule juu ni Wabudha na kwa desturi ya bonde lao hawachinji, nyama ikifika imebebwa toka chini siku kadhaa. Kathmandu mjini Waislamu wapo, na Jame Masjid iko pale Ghantaghar. Kibla msikisahau, huko ni magharibi, sio kaskazini kama tulivyozoea pwani.

Kyanjin muonje jibini. Kiwanda kidogo kiko palepale, kilianza miaka ya 1950 kwa msaada wa Waswisi. Watu wanasema maziwa ya yak, wale ng'ombe wa manyoya marefu wa Himalaya, kumbe yak ni dume, jike linaitwa nak, na mengi ya maziwa yanatoka kwa chauri, mchanganyiko wa yak na ng'ombe. Jibini gumu, lina harufu ya majani makavu, mimi nilikula na chapati yao nikaona chakula cha jioni kimetosha. Ulizeni tu wanagandisha kwa kitu gani, kama mnachunga hilo pia.

Nimesikia kijiji cha Langtang kilifutika na tetemeko. Ni kweli? Na kwa nini watu bado wanaenda? (Nairobi)

Ni kweli. Tarehe 25 Aprili 2015, saa 5:56 asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 7.8. Barafu na mawe vilikatika toka juu kwenye Langtang Lirung, mlima wa mita 7,234, vikaangukia kijiji. Walikufa zaidi ya 200 pale, wenyeji na wageni. Upepo uliosukumwa na ule mporomoko ulilaza miti ng'ambo ya mto, yote upande mmoja. Ilibaki nyumba moja tu, ile iliyokuwa imejibanza chini ya mwamba, na mpaka leo unaiona.

Njia inakatiza juu ya kifusi chenyewe. Nilipopita nilikuta mama mmoja amekaa ukingoni anachagua mawe ya kujengea, ananyanyua moja, analigeuza, analirudisha, anachukua lingine. Nikamsalimia kwa kumuita didi, ndo wanavyomwita dada, akaitika akaendelea. Mwongozaji wangu akaniambia taratibu kwamba nyumba yake iko chini ya pale tulipokanyaga.

Wenyewe ndo walirudi wa kwanza, wakajenga kijiji kipya juu kidogo, na wanaishi kwa wageni. Tetemeko hakuna anayeweza kukuahidi halitakuja. Pale penye kifusi mwongozaji akisema tusisimame msisimame, piteni. Mkifika kwenye ukuta mrefu wa mawe yaliyochongwa dua, upiteni kwa kuuacha mkono wenu wa kulia. Na laleni kijijini, msipitilize kwenda Kyanjin.

Mwanangu, mie nina miaka 66, presha kidogo natumia dawa. Nina mjukuu anasoma India, tunataka kwenda pamoja. Nijidanganye au niende? (Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Kwanza hospitali, daktari wako akupime moyo na presha na aambiwe wazi unaenda kulala mita 3,400. Akikubali, nenda, ila usitumie hesabu yangu ya usiku saba, weka kumi. Lala Lama Hotel mara mbili, kisha Thangsyap iliyoko 3,140 hivi ulale hapo kabla ya Langtang, na uamue kwamba Langtang ndo mwisho wako, Kyanjin aende mjukuu na mwongozaji arudi jioni au kesho yake. Chukua bima inayotaja helikopta na kimo cha mita 5,000, isome mwenyewe kabla ya kulipa. Fimbo mbili za kutembelea, magoti yatakushukuru wakati wa kushuka. Nyumbu wakija, wanasikika kwa kengele, simama upande wa mlima, usisimame upande wa mto. Na mfundishe mjukuu kusema bistari.