Mkono ukifa ganzi usiku, angalia ni vidole gani

Wenzangu wa stationari, na nyie mnaoshinda kwenye laptopu na ripoti za fildi, mkono ukianza kusumbua msikimbilie kusema ni upepo wa bahari au umeulalia vibaya. Mi nachapa kazi za watu hapa Ngamiani, Tanga, kutwa mikataba ya viwanja, barua za maombi, risechi za wanachuo, na ule msimu wanachuo wanakabidhi kazi zao ndo viganja vikaanza kunifa ganzi usiku, naamka naukung'uta mkono mpaka hisia zirudi ndo nilale tena.

Sasa ikikuamsha hivyo usiukung'ute tu, angalia ni vidole gani. Kama ni dole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete, ila kidole kidogo kiko poa, mara nyingi ni ule mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Pale kuna kinjia chembamba, chini mifupa, juu utando mgumu, na humo ndani mshipa umebanana na kano tisa zinazokunja vidole kama abiria wa siti ya nyuma kwenye Noah. Nafasi ikipungua kidogo tu, mshipa ndo unaumia. Kidole kidogo nacho kikifa ganzi hiyo kesi nyingine, mshipa wake unapita kwenye kiwiko, pale ukijigonga unasikia shoti, so acha kuegemea viwiko mezani. Na sisi wa Tanga na baiskeli zetu, kulalia usukani kwa viganja muda mrefu kunaleta hiyohiyo.

Kompyuta isibebeshwe lawama zote lakini. Mjamzito anapata sana hii ganzi, mwenye kisukari pia, na mwenye shida ya tezi ya shingo. Na maumivu yakiwa upande wa dole gumba, ukinyanyua sufuria au mtoto unasikia yanachoma, hapo ni kano za gumba, na simu inachangia kuliko watu wanavyotaka kukubali.

Kwenye meza kitu cha kwanza ni kibodi. Vile vimiguu vya nyuma karibu kila mtu anavisimamisha, mi naona ni ujinga uliozoeleka, maana vinakufanya ukunje kifundo kwenda juu siku nzima. Vilaze. Mkono unyooke na kiganja kielee wakati unachapa, usikilaze kwenye ukingo wa meza. Mausi ikae jirani na kibodi, usiifuate mbali. Laptopu yenyewe ni tatizo kwasababu skrini na kibodi vimeshikana, ukiweka sawa shingo mikono inaumia, ukiweka sawa mikono shingo inainama, kwahiyo mi nimeipandisha juu ya rimu za A4 nikachomeka kibodi ya pembeni, ya bei rahisi tu. Halafu pumzika kidogokidogo, printa ikitoa kurasa mikono iende mapajani, mteja akinuna anune.

Kuchua kwa nguvu na mafuta sikushauri, mshipa umeshabanwa halafu unaukandamiza tena ili iweje. Kilichonisaidia mimi ni kile kifungio cha kifundo chenye kibati ndani, navaa wakati wa kulala maana usingizini tunakunja mikono bila kujua. Usikaze sana, na hakikisha kinanyoosha kifundo sawasawa, kisikipinde nyuma.

Ila ganzi ikishakaa mpaka mchana, vitu vinakuponyoka, vifungo vya shati vinakushinda, au ile nyama ya chini ya dole gumba imeanza kubonyea ukilinganisha na mkono wa pili, hapo mambo ya kifungio achana nayo nenda hospitali, kwetu Tanga ni Bombo. Ukifika usiseme tu mkono unauma, mwambie daktari ni vidole vipi, inaanza saa ngapi, kazi gani unafanya, na kama hujawahi kupima sukari muombe mpime hapohapo.